Gari la Florian na Moshi wa Buluu

Hildegardi alikuwa akigeuza kahawa kwenye vichanja pale gari la mwanawe lilipowashwa. Liliwaka mara moja, likatulia, likawa linanguruma taratibu. Moshi haukuonekana. Kuku waliendelea kudonoa nyuma yake bila wasiwasi.

"Mama, tunashuka ziwani!" Florian aliita. "Nikuletee samaki gani?"

"Niletee mwanangu mzima. Samaki nitajua mwenyewe."

Florian akacheka. Mkewe, Lidia, akacheka pia akiwa ameegemea ufagio. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Ilikuwa ya kwanza.

Kijiji chao kilikuwa juu, upande wa Kingerikiti, katika milima ya Mbinga. Mashamba ya ngoro yalishuka mabondeni, yamejaa vishimo kama sega la nyuki. Mtu akitaka kwenda Ziwa Nyasa alipanda kwanza mlima mmoja mkali. Akifika kileleni, aliteremka mteremko mrefu wenye kona nyingi mpaka pwani ya ziwa. Florian alipita njia hiyo karibu kila siku. Alishusha maharage na ndizi. Alipandisha watu na samaki.

Gari hilo alilinunua mwaka 1997. Zamani kahawa yote ilipelekwa kwenye chama cha ushirika. Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja vijijini na mizani zao. Magari yaliyotumika Japani nayo yakaanza kushuka bandarini Dar es Salaam. Mwaka ule kahawa ilikuwa na bei nzuri. Florian akaenda Dar es Salaam, akarudi na gari dogo jeupe lenye mgongo mrefu.

Lilikuwa la petroli. Nyuma lilikuwa na maandishi ya kigeni, na vijana wakayasoma "tabo". Hakuna aliyejua tabo ni kitu gani. Walijua tu kwamba gari lenye tabo lina nguvu.

Na kweli lilikuwa nazo. Florian akikanyaga mafuta mlimani, gari lilingoja kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu lilipiga mluzi mwembamba, likaruka mbele. Malori yaliachwa yakila vumbi.

Aliyemfundisha Florian kuendesha ni baba yake mkubwa, Bartholomayo. Baba mzazi alikuwa amefariki siku nyingi. Bartholomayo aliendesha lori la dizeli la ushirika kwa miaka ishirini. Aliendesha hata miaka ile mafuta yalipopatikana kwa kibali na foleni. Miaka ile madereva wa milimani walijifunza jambo moja. Ukifika kileleni, zima injini, tia frii, gari literemke lenyewe.

"Na si kuokoa mafuta tu," Bartholomayo alikuwa akisema. "Injini ikipanda mlima inachoka. Mtu aliyebeba gunia, akifika juu si anatua? Basi na injini uitue. Izime, ipumzike."

Florian aliyashika maneno hayo kama sala. Kila alipofika kileleni alizima gari. Aliteremka kimya mpaka chini, upepo ukivuma madirishani. Abiria walimsifu. Walisema, "Dereva huyu amefundwa."

Siku moja Hildegardi alikuwa akipalilia maharage kwenye ngoro zake, kando ya barabara ya mlimani. Gari la Florian likapita limejaa watu. Alilisikia likipiga mluzi. Alilitazama kwa nyuma, akaona kitu ambacho uani hakuwahi kukiona.

Bomba la moshi lilitoa moshi wa buluu. Haukuwa mwingi. Ulitoka pale tu Florian alipokandamiza mafuta. Alipolegeza penye kona, ulikatika. Alipokandamiza tena, ukarudi. Harufu yake ikamfikia shambani. Hildegardi aliijua harufu hiyo. Ni harufu ya kikaango kilichosahauliwa motoni.

Jioni, chakula kilipokwisha, akasema.

"Florian, gari yako inaunguza mafuta ya kupikia?"

"Mama!" Florian akacheka mpaka akakohoa. "Gari inakunywa petroli. Maandazi hatukaangi mle."

"Nimeona moshi. Wa buluu. Unanuka mafuta yaliyoungua."

"Mama, wewe ni bingwa wa moshi wa kuni. Huu wa gari tuachie sisi."

Bartholomayo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachokonoa meno. "Shemeji," alisema, "gari isiyotoa moshi ni ya maharusi. Lori langu lilikuwa likipanda ule mlima, jua linafichika! Moshi ndiyo nguvu yenyewe."

"Lakini wa lori ulikuwa mweusi, shemeji. Huu ni wa buluu."

"Haya sasa! Tunachagua rangi, kama tuko dukani kwa vitenge!"

Wote wakacheka. Lidia naye akacheka akiwa ameshika tumbo. Bartholomayo akainuka. "Njoo, shemeji, nikutoe wasiwasi." Akamwambia Florian awashe gari palepale uani. Akatoa leso yake nyeupe, akaiweka kwenye mdomo wa bomba. Akahesabu mpaka thelathini, kisha akamwonyesha Hildegardi. Leso ilikuwa safi.

"Umeona? Mzima huyu."

Hildegardi akakusanya vyombo. Alisoma mpaka darasa la nne. Gari hakuwahi kulifungua hata mlango wa mbele. Lakini tangu siku ile alikuwa akitazama. Aliona Florian anamimina oili kwenye injini mara kwa mara. Mwanzo ilikuwa chupa moja kwa majuma mawili. Baadaye chupa moja kwa juma.

"Mbona inamalizika?" alimuuliza.

"Inakula, mama. Mwenye nguvu hula."

Hildegardi akanyamaza. Aliogopa kuitwa mama mwenye mikosi.

Mwezi wa nane, mwaka uliofuata ule wa kununua gari, Lidia alishikwa na uchungu. Ilikuwa asubuhi. Hildegardi na Florian walimpeleka zahanati ya kijiji kwa miguu, maana si mbali. Nesi Serafina alimpokea. Mpaka saa sita mchana mtoto hakuwa amesogea. Serafina alimpapasa Lidia tumboni kwa muda mrefu. Kisha akamtoa Hildegardi nje.

"Mama, mtoto amelala kwa kukingama. Kwa njia ya kawaida hatatoka. Anahitaji kupasuliwa, na hapa sina hata kisu cha kazi hiyo."

"Yu hai?"

"Yu hai. Moyo wake nausikia vizuri kabisa. Lakini msikae. Hospitali ya kule ziwani ndiyo karibu. Gari si mnayo? Nendeni sasa hivi."

Gari walikuwa nalo. Hilo ndilo lililomtia Hildegardi nguvu. Wanawake wangapi wa kijiji kile walibebwa kwa machela kuvuka mlima? Lidia angepanda gari.

Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani kwa Hildegardi. Bartholomayo akaingia mbele, kwa sababu mzee wa ukoo hawezi kubaki nyumbani siku kama hiyo. Florian akatia gia.

Mlimani alikandamiza mafuta mpaka mwisho. Gari likapiga mluzi. Lakini siku hiyo mluzi haukuwa mwembamba. Ulikuwa na mkwaruzo ndani yake, kama kisu kinachonolewa kwenye jiwe kavu. Hildegardi akageuka kutazama nyuma. Barabara haikuonekana. Pazia la moshi wa buluu lilikuwa limeifunika.

"Florian, moshi!"

"Najua, mama! Nifanyeje? Nipunguze?"

"Kanyaga!" Bartholomayo alisema. "Kilele hicho hapo."

Walifika kileleni. Injini ilikuwa inanuka moto. Bartholomayo akaweka mkono wake juu ya usukani.

"Sasa zima, mwanangu. Umeikimbiza mno. Ipumzike huku tunateremka. Tukifika chini itakuwa na nguvu mpya."

Florian alisita. Alimtazama mama yake kwenye kioo kidogo. Hildegardi alitaka kusema kitu. Alitaka kusema kwamba sufuria yenye mafuta huwezi kuitelekeza jikoni. Lakini gari si sufuria, na yeye si dereva. Akamfuta Lidia jasho.

Florian akazima.

Ukawa ukimya. Kilichosikika ni magurudumu juu ya kokoto na Lidia akiuma kanga. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Breki zilikuwa ngumu, kwa sababu injini haikuwa ikizisaidia tena. Florian alizikanyaga kwa miguu yote miwili. Waliteremka hivyo muda mrefu. Lidia alikuwa akiuliza jambo moja tu: "Mama, bado?" Na Hildegardi alikuwa akijibu jambo moja tu: "Karibu, mwanangu. Ziwa lile, naliona."

Na kweli ziwa lilionekana, limetanda chini, maji yake yanametameta. Kilibaki kilima kimoja kidogo, halafu tambarare ya pwani.

Florian akaingiza gia, injini ikaamka. Akakanyaga mafuta apande kile kilima. Hapo ikasikika sauti kali, kama bati linalochanwa. Kisha kishindo. Moshi wa buluu ukajaa nyuma, pembeni, mpaka ndani ya gari. Taa nyekundu ikawaka mbele ya Florian. Gari likasogea hatua chache, likagugumia, likafa.

Florian alijaribu kuliwasha. Halikuzunguka hata kidogo. Alishuka, akafungua boneti. Oili ilikuwa imetapakaa kila mahali.

Bartholomayo alishuka pia. Alizunguka gari mara mbili.

Wanaume wa kijiji cha chini waliitwa. Walikuja na kitanda cha kamba, wakamlaza Lidia, wakambeba mabegani. Walitembea haraka sana. Hakuna aliyelalamika. Lakini mguu ni mguu. Iliwachukua saa mbili na zaidi kufika hospitali.

Daktari alimpasua Lidia, naye akapona. Mtoto alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi. Alikuwa amekwisha kufa.

"Amekufa si muda mrefu," daktari alimwambia Hildegardi. Hakuwa mtu wa kuficha. "Mngefika saa moja kabla, tungekuwa tunazungumza mengine."

Hildegardi alimzika mjukuu wake pale pwani, pamoja na wanawake wa kijiji kile ambao hata hakuwajua majina. Kaburi lilikuwa fupi kama mkono.

Waliporudi milimani, maneno yalikuwa yamewatangulia. Watu walisema gari limerogwa. Walisema kuna mtu aliona wivu wa kahawa. Bartholomayo akakubaliana nao. Jioni moja, kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuzungumza, alisema ukoo utafute mtaalamu wa kuagua.

"Gari ile ilikuwa nzima," alisema. "Niliipima mwenyewe kwa leso. Gari nzima haifi hivihivi."

Hildegardi alikuwa anapeleka ugali. Wanawake huweka chakula sengu, kisha huondoka. Siku hiyo hakuondoka.

"Shemeji, mimi siendi kuagua."

Vidole vya wanaume vikasimama kwenye bakuli.

"Nataka fundi," Hildegardi alisema. "Nataka mtu anifungulie gari ile, aniambie ni kitu gani kimemuua mjukuu wangu. Akishindwa yeye, mtaniambia habari za wachawi."

"Mwanamke anatufundisha sengu siku hizi?" mmoja alinong'ona.

"Mwacheni," Florian alisema. Alikuwa hajala siku tatu. "Mama aliona. Tangu mwanzo aliona."

Gari lilivutwa na lori la samaki mpaka Mbinga mjini. Nyuma ya soko palikuwa na fundi mmoja, Isidori, aliyesomea ufundi misheni. Alikuwa mfupi, mwenye ovaroli iliyokosa rangi, na mdomo wake haukuwa na breki. Hildegardi alikwenda na Florian. Bartholomayo alikuja pia, ingawa hakuna aliyemwita.

"Tumsifu Yesu Kristo," Hildegardi alisema.

"Milele amina. Shikamoo mama. Shikamoo mzee." Isidori akalitazama gari. "Hee! Hii mmeichoma au mmeichemsha?"

Hakuna aliyecheka. Isidori akaona nyuso zao. Akafuta mikono, akauliza taratibu yaliyotokea. Florian akamweleza yote. Alipofika kwa mtoto, akageuka pembeni. Mama yake akamalizia.

Isidori akavua kofia. Hakufanya mzaha tena. Alifanya kazi kutwa nzima. Saa kumi akawaita. Mkononi alikuwa na chuma cha mviringo, kama konokono mkubwa.

"Hii ndiyo tabo," alisema. "Ndani ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga kama feni. Yamekaa kwenye ekseli moja. Moshi wa injini unapotoka unalizungusha hili la kwanza. La kwanza linalizungusha la pili. Hili la pili linasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, injini inapokea petroli nyingi, ndiyo ule mruko mnaoupenda. Sasa, mama, kinu cha kusaga unga unakijua kinavyokwenda mbio. Hiki kinakishinda mbali. Tena kinachomwa na moshi wa moto mpaka chuma kinakuwa chekundu."

"Na hakiyeyuki?" Hildegardi aliuliza.

"Kinaokolewa na oili. Injini ikiwa inaunguruma, oili inapita hapa katikati bila kukoma. Inalainisha ekseli, tena inaondoa joto. Ukizima injini, oili inasimama. Je, joto nalo linasimama?"

"Halisimami," Hildegardi alisema. "Ukitoa kuni, sufuria bado inachemka."

"Haya. Na mafuta kidogo yaliyobaki kwenye sufuria ya moto yanakuwaje?"

Hildegardi akasogea. Alikuwa ameona. Akanyoosha mkono, akaichukua ile ekseli iliyokuwa imetolewa humo. Ilikuwa na kitu cheusi, kigumu, kilichogandamana. Akakikwaruza kwa ukucha.

"Huu ni ukoko," alisema.

"Ndiyo, mama. Ni ukoko wa oili. Kila mara gari lilipozimwa kileleni likiwa la moto, oili iliungua humu, ukoko ukaongezeka. Njia ya oili ikaziba kidogo kidogo. Ekseli ikakauka, ikaanza kucheza. Ikicheza, oili inavuja, inaingia kwenye injini na kuungua. Oili ikiungua, moshi wake ni wa buluu. Siku ile ekseli ilikatika. Oili yote ikamwagika, injini ikakauka, ikashikana."

"Lakini nilipima kwa leso," Bartholomayo alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa safi."

"Mzee, ulipima gari limesimama. Mtu mwenye ugonjwa wa kifua, akikaa kigodani anakohoa? Mpandishe mlima, ndipo utamsikia. Gari likiwa limesimama, tabo hii inazunguka kivivu tu. Inafanya kazi pale unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Kwa hiyo moshi wake uutazame pale. Mtu akae nyuma, gari lipande, aseme anaona rangi gani."

"Mama aliona rangi," Florian alisema. "Sisi tukamcheka."

Isidori akamgeukia Hildegardi. "Uliona nini?"

"Buluu. Akikandamiza unatoka, akilegeza unakatika. Na harufu ya kikaango. Na oili ilikuwa ikipungua."

"Basi ungekuwa gerejini kwangu, ningekupa ovaroli," Isidori alisema. "Mimi mwenyewe nisingesema zaidi ya hapo bila kufungua. Maana moshi wa buluu unaweza pia kutoka kwenye ringi za pistoni zilizokwisha. Ndiyo sababu fundi hufungua, hakisii. Lakini ukiuona, usiseme gari ina nguvu. Punguza mwendo, pima oili, lete gari."

"Na mweusi?" Hildegardi aliuliza. Alitaka kujua yote. Hakutaka tena kunyamazishwa.

"Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa."

"Kama kuni nyingi kwenye jiko lisilo na upepo."

"Hivyohivyo. Kichujio cha hewa kimejaa vumbi, au mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye tabo umepasuka. Gari linakunywa mafuta na nguvu halina. Hata lile lori lako, mzee, samahani. Ule moshi mweusi ulikuwa dizeli isiyoungua. Ulikuwa unamwaga mafuta hewani."

Bartholomayo akainamisha kichwa.

"Ukiwa mweupe?"

"Asubuhi ya baridi, mweupe mwepesi unaopotea ni mvuke tu, usiogope. Lakini gari limekwishapata moto, na bado linatoa mweupe mzito, na maji ya rejeta yanapungua? Basi maji yanaingia kwenye injini. Simama hapohapo. Usisogeze."

Sokoni watu walikuwa wakifunga meza zao.

"Mimi ndiye niliyesema azime," Bartholomayo alisema ghafla. "Tangu siku ya kwanza. Na siku ile pia. Nilishika usukani kwa mkono huu."

Isidori alimgeukia. "Mzee, lori lako halikuwa na tabo. Ulifundisha ulichokijua."

Hildegardi hakumwambia shemeji yake pole. Neno hilo halikuwamo kinywani mwake siku hiyo. Alisema tu, "Na mimi nilijua kuna kitu, nikanyamaza."

Matengenezo yalichukua miezi mingi na kahawa ya msimu mzima. Gari lilipotoka gereji, Isidori alimkalisha Florian chini kama mwanafunzi. Tia oili inayofaa injini hii, si ya lori. Ibadilishe kwa wakati. Ipime kila asubuhi kwa kijiti chake. Ukikaribia kileleni, legeza mafuta. Ukisimama juu, acha injini iungurume polepole dakika mbili au tatu, tabo ipoe. Usiteremke gari limezimwa hata mara moja. Unaua tabo, na breki unazinyima msaada.

Bartholomayo akajipa kazi mwenyewe. Kila Jumamosi alikwenda mlimani, akasimama kando ya barabara. Florian alipanda kwa nguvu mbele yake. Mzee alitazama bomba la moshi mpaka gari likatokomea. Kisha alikwenda kwa Hildegardi, akasimama mlangoni.

"Leo hakuna rangi, shemeji," alisema.

"Asante, shemeji. Ingia, kuna uji."

Miaka miwili baada ya kifo cha yule mtoto, Lidia alipata mimba tena. Nesi Serafina alisema, kwa kuwa amepasuliwa mara moja, asingoje uchungu kijijini. Akae karibu na hospitali mwezi mzima kabla. Florian alimshusha ziwani akiwa mzima, anatembea. Gari lilipanda mlima bila moshi. Kileleni lilisimama likinguruma, likapoa, kisha likateremka kwa gia, breki zikiwa laini. Hildegardi alikuwa nyuma. Njia nzima alitazama dirisha la nyuma, mpaka shingo ikamuuma.

Lidia alijifungua kwa upasuaji. Akapata mtoto wa kike aliyelia mara moja, kwa hasira.

Siku ya kurudi nyumbani gari lilijaa. Mlima wa kutoka ziwani ni mrefu kuliko wa kwenda. Florian aliupanda bila papara. Kileleni akasimama, akaacha injini ikiunguruma. Wote wakangoja.

Nyuma kulikuwa na mama mmoja mchuuzi, mwenye tenga la samaki. Akaanza kulalamika.

"Wee dereva, mbona hatuendi? Kama unapumzika si uzime? Unachoma petroli bure, na samaki wangu wanaharibika!"

Florian hakugeuka. Hildegardi alifungua mdomo ajibu, lakini Lidia akamtangulia. Kwa karibu miaka mitatu Lidia hakuwahi kuizungumzia njia ile.

"Vumilia, mama," Lidia alisema. "Siku moja tulizima hapa ili ipumzike, tukachelewa."

Mchuuzi akamtazama. Akamtazama mtoto aliyelala kifuani kwa Lidia, amefunikwa kanga mpya. Uso wake ukalainika.

"Ni mzuri," alisema. "Ndiye wa kwanza?"

"Hapana," Lidia alisema. "Huyu ni wa pili."